Nyota Iliyosawazishwa

Duka la uchapaji karibu na chuo lilifurika wanafunzi, kila mmoja na flashi mkononi, na harufu ya wino uliochemka ilijaa chumba kizima. Mtafiti, msichana aliyevaa gauni la kijani lililopigwa pasi vizuri, alisukumwa na foleni mpaka akamkanyaga fundi wa picha.

"Pole, dada," fundi akasema, ingawa aliyekanyagwa ni yeye. Akachomeka flashi ya msichana, akaikodolea macho picha iliyotokea kwenye skrini. "Hili ni nini, yai limepasuka?"

"Ni mabaki ya nyota iliyolipuka. Ni eksirei."

"Kwani imevunjika mguu?"

Mtafiti alicheka bila kutaka. Mambo yakaanza hapo, yakaenda miezi saba ya simu asubuhi na mchana, za "umekula, roho yangu?" na "hujambo, profesa wangu?" Alimweleza fundi kwamba nyota ile haikulipuka sawasawa. Chuma kilirushwa upande mmoja, na kiini kilichobaki kikatupwa upande wa pili. Tasnifu yake yote ya miaka minne ilisimama juu ya upogo huo. Fundi aliitikia kwa kichwa, macho yameganda midomoni mwa msichana, na hakusikia hata neno.

Kuna watu hawawezi kuona kitu kimepinda bila kukitia mkono. Wananichefua, na fundi huyu alikuwa mmoja wao.

Asubuhi ya kutetea tasnifu, fundi alimkabidhi bango la nyota alilomchapishia, limekunjwa na kufungwa utepe. "Nimekuwekea zawadi humo. Usifungue mpaka ufike."

Msichana alilifungua mbele ya watahini watatu. Nyota ilikuwa mviringo safi kama kitufe cha shati. Fundi alikuwa amekata nusu iliyotulia, akaigeuza, akaibandika juu ya nusu iliyochanika. Chuma chote kilikuwa kimefutwa. Kitu kile kilikuwa kizuri kwa namna ya kutia kichefuchefu.

"Maandishi yako yanasema chuma kilirushwa upande mmoja," mtahini mkuu akasema. "Picha inakataa. Nani amechezea data? Tunakupa mpaka saa nane utuonyeshe ukweli, la sivyo hupiti."

Alitoka ukumbini, akapiga simu.

"Umenifanyia nini?"

"Imependeza, eh? Upande ule ulikuwa umeharibika, mpenzi, nikaona..."

"Usiniite mpenzi! Nakuonea kinyaa. Nikiiangalia picha hii nataka kutapika."

"Picha tu, jamani?"

"Wanasema nimeghushi! Miaka minne, leo naitwa mwongo!"

Fundi akazima mashine. "Nakuja."

"Usije!"

Kule dukani, mjomba wa fundi, mwenye duka, alisimama mlangoni. "Ukaseme huko kwamba duka langu linabadilisha picha za watu? Ukitoka, usirudi."

Fundi akampita.

Aliingia ukumbini na aproni yake yenye madoa, kompyuta kwapani, jasho likimtiririka. "Shikamooni. Ni mimi. Sikumwuliza. Nilidhani ni kasoro." Akafungua faili, akaondoa kipande alichobandika. Nusu iliyochanika ikajitokeza, na chuma kikaonekana kwa rangi ya buluu, kimechomoka kwa nguvu upande mmoja. Kwa mara ya kwanza siku ile, mtahini mkuu alisogeza kiti mbele. Walimhoji msichana saa nzima, wakampitisha.

Msichana na fundi walikaa kwenye ngazi za nje, hatua mbili kati yao.

"Mjomba kanifukuza," fundi akasema.

"Amefanya vizuri."

"Bado unanionea kinyaa?"

"Sana. Miezi saba nakueleza kitu kimoja, wewe unatazama midomo."

"Kweli." Akainamisha kichwa. "Nieleze tena. Safari hii nitatazama chini."

Akamweleza tena, kwa hasira, toka mwanzo mpaka kile kiini kilichotupwa. Fundi aliuliza maswali mawili, na la pili lilikuwa la maana. Hilo lilimuudhi mtafiti kuliko yote, maana alikuwa amejiandaa kumwacha.

"Nilitaka kukuposa leo," fundi akasema. "Basi nitangoja kinyaa kiishe."

"Kinaweza kuchukua mwaka."

"Nitangoja mwaka."

"Nani kakwambia ungoje?" Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na uso bado umekunjwa. "Nipose hivi hivi, nikiwa nimechukia."