Kitufe Cheusi cha Wodi ya Wanawake

Kabla sijafungua mdomo, niapie. Weka mkono kifuani, sema neno hili halitavuka kizingiti. Umeapa? Haya. Mimi pia niliapa, tena mbele ya daktari, sista mkubwa na wagonjwa watano, kwamba nitakwenda nalo kaburini. Lakini kaburi lenyewe limechelewa, na siri ikikaa sana tumboni mwangu hunipa kiungulia. Sogea basi.

Nilivunjika mguu nikiwa nimesimama juu ya ndoo, nachungulia ugomvi wa jirani yangu na mumewe upande wa pili wa ukuta. Usicheke. Ndoo ilipinduka kabla sijasikia jina la huyo mwanamke mwingine, na hilo liliniuma kuliko mfupa. Nikalazwa wodi ya wanawake, vitanda vinane, mimi cha kwanza kushoto ukiingia, ubavuni kabisa mwa meza ya wauguzi. Juu ya meza palikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta kazi ya mikono ya mjukuu wangu mwenyewe, binti wa mwanangu wa mwisho.

Kazi yake ni kutengeneza programu. Hospitali ilimpa kazi ya wodi yetu, akatengeneza dirisha moja pana lenye majina yetu wote, na mbele ya kila jina vitufe vitatu vya kubonyeza. Kijani, Ameingia. Bluu, Ameruhusiwa. Cheusi, Amefariki. Zamani majina yalikaa kwenye kitabu kikubwa chenye jalada gumu, na mwenye kitabu alikuwa karani wa masijala, mzee mwenzangu, ambaye wodi nzima ilimwita Mzee Kalamu kwa sababu ya zile kalamu nne za mfukoni. Miaka ishirini na sita aliandika watu wakiingia na wakitoka. Kitabu kilipofungwa hakunung'unika. Kila saa nne asubuhi alikuja na gazeti lake, akavuta stuli karibu yangu, tukasengenya watu hadi daktari apite. Nilimpenda yule mzee. Katika hospitali nzima alijua nani anamkimbia nani.

Mambo yalianza kwa fundi cherehani wa kitanda cha dirishani. Alikuwa anaendelea vizuri, ameshaambiwa Alhamisi atarudi nyumbani. Jumatatu sista akaangalia skrini, akakuta mbele ya jina lake: Amefariki. Mwenyewe amekaa kitandani anachana nywele. Sista akafuta, akacheka. Jumanne neno lile likarudi. Akafuta, hakucheka. Jumatano likarudi mara ya tatu, na chakula cha mchana kilipofika fundi cherehani hakuamka kukipokea. Kitana kilikuwa bado mkononi.

Wiki iliyofuata, mwalimu mstaafu. Mara tatu. Siku ya tatu.

Maneno yakaanza, na maneno ya hospitali hayahitaji miguu. Kwamba chombo kile si cha bure. Kwamba aliyekitengeneza ana mkono mbaya, amepanga orodha, anawala mmoja mmoja. Mzee Kalamu aliniletea hayo yote pamoja na gazeti, akitikisa kichwa kwa huruma. "Mimi siamini," aliniambia, "lakini kitabu changu hakikumuua mtu."

Jumatatu ya wiki ya tatu sista akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akarudi kwenye skrini.

"Bibi," akanong'ona, "usishtuke."

Ukisikia hivyo, ujue kwamba jambo la kukushtua limeshaingia ndani na kuvua viatu.

Walitaka kunihamishia wodi nyingine. Nikakataa. Nikawaambia nimezika waume wawili, tena yule wa pili alikuwa mbishi mpaka siku ya mwisho, sitakimbizwa na kitufe. Wakamwita mjukuu wangu. Akaja na mkoba wake, macho makavu. Sista mkubwa akamkuta hapohapo mbele ya kitanda changu.

"Keshokutwa chombo chako kinatoka," akamwambia. "Na wewe ukitoka nacho, usirudi."

"Na bibi yangu?"

"Bibi yako mwombee."

"Nitamwombea nikiwa nimekaa hapa," mjukuu akajibu. "Kukizima sitakizima. Nikizima, kinachobonyeza kitabaki humu ndani na bibi yangu, na mimi nitakuwa nje."

Jumanne asubuhi akakaa kwenye ile kompyuta ya mezani. Alifungua kitu anachokiita karakana, yaani programu kubwa ambayo ndani yake anaandika programu nyingine na kuzifungua matumbo kuona zinaumwa wapi. Skrini nzima ilijaa mistari ya maandishi kama sala za kigeni. Akaweka nukta nyekundu pembeni mwa mstari mmoja, akakunja mikono, akangoja kitufe cheusi kibonyezwe. Saa mbili. Saa nne. Mzee Kalamu alikuja, akamsifu, akamwambia ana subira kama mamba. Saa sita. Hakuna kitu. Sista wa zamu akaguna, mjukuu akazima karakana akaenda kunawa uso.

Mzee Kalamu siku hiyo alibaki kunipa moyo. Alikuwa amefika patamu, kwamba mke wa mganga mkuu kaonekana wapi na nani, halafu akanyamaza. Nikageuka kumhimiza, jicho likapita kwenye skrini.

Kile kishale cha kompyuta kilikuwa kinatembea.

Mezani hapakuwa na mtu. Kishale kilipanda polepole, kama nzi anayetambaa ukutani. Kikasimama kwenye jina langu. Kikasogea kulia. Kikapita kijani. Kikapita bluu.

Amefariki.

Nilihisi baridi kwenye nyayo, hata ule mguu uliofungwa plasta. Sikupiga kelele. Nilishika tu mkono wa Mzee Kalamu, naye akaubana wangu. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

Mjukuu aliporudi nilimnong'oneza nilichokiona. Nilitegemea ataogopa. Akang'ata kucha, akatazama skrini, kisha akajigonga paji la uso.

"Bibi, mimi ni mjinga," akanong'ona. "Dirisha la karakana lilikuwa limelifunika dirisha la wodi. Nani atabonyeza kitufe kilichofunikwa? Nilikuwa nimeketi juu ya mlango ninaoulinda."

"Sasa?"

"Sasa karakana inahama." Akatoa kompyuta yake ndogo ya kukunja. Alisema ataziunga zote mbili kwa waya, dirisha la wodi libaki wazi mezani kama kawaida, karakana ikae pembeni, kwa kificho. "Mtu akibonyeza cheusi, programu inafika kwenye nukta yangu na kusimama palepale, kabla haijaandika kitu. Kama mwizi aliyekamatwa kola. Mstari utageuka njano."

"Na kama si mtu?"

Alinitazama kwa yale macho ya babu yake. "Hata shetani akitaka kubonyeza kitufe changu, lazima apite kwenye mstari wangu."

Jumatano. Siku yangu ya tatu. Saa tatu na nusu mjukuu alichomoa waya wa kipanya cha mezani, akakiacha palepale kama pambo. Kishale kikitembea sasa, hakuna ambaye angeweza kusema ni mkono wa sista. Kisha akaaga kwa sauti ili wodi nzima isikie, akasema ameshindwa, akatoka. Alikuwa nyuma ya mlango, yeye na daktari na sista mkubwa, ambaye alikuja shingo upande. Ile kompyuta ndogo ilikuwa juu ya mapaja yangu, chini ya shuka niliyoiinua kwa goti zima kama hema. Kazi yangu: nikiona njano, nikohoe.

Wodi ilikuwa na jua. Jua kweli, la kuanika nguo. Wagonjwa watano walikuwa wananitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyekwisha kupanda gari.

Saa nne, Mzee Kalamu. Stuli. Gazeti mapajani.

"Umelala vipi, mama?"

"Nimelala nikaamka. Wengine hawakujaliwa."

Akacheka kidogo. Akaanza habari ya mpishi wa hospitali. Sikuisikia. Nilikuwa nachungulia chini ya shuka kama mtu anayetafuta kunguni. Mistari. Nukta nyekundu. Mistari.

Mzee Kalamu akanyamaza.

Mezani, kishale kikaamka.

Kilipanda. Kikapita majina. Kikafika kwangu. Nilitaka kufumba macho, nikakataa, nikasema kama ni kunichukua kinichukue ninakitazama. Kikapita kijani. Kikapita bluu. Kikatulia.

Chini ya shuka, mstari mmoja ukawa njano.

Nilifungua mdomo nikohoe. Lakini jicho likatangulia. Nikatazama meza. Dirisha la wodi lilikuwa limeganda. Jina langu halijaandikwa kitu. Kitufe cheusi kimebonyea, hakijarudi juu.

Hapo ndipo nikasikia.

Tk.

Kimya.

Tk. Tk.

Si mezani. Karibu. Karibu na sikio langu.

Tk tk tk tk.

Kama mtu anayegonga mlango ambao jana ulifunguka vizuri na leo haelewi kwa nini haufunguki. Sauti ilitoka chini ya gazeti.

Sikukohoa. Nilirusha mkono, gazeti na yote, nikashika kifundo cha mkono, nikabana kwa nguvu zote zilizobaki katika mwili huu. "Mzee mwenzangu," nikasema, na nilisema kwa sauti ambayo hata yule fundi cherehani angeisikia, "umenibonyeza vya kutosha."

Mlango ukafunguka. Daktari, sista mkubwa, mjukuu wangu. Wagonjwa watano wameketi vitandani. Gazeti likaanguka. Kiganjani mwa Mzee Kalamu kulikuwa na kipanya cheusi kisicho na waya, kidole bado kiko juu yake. Alijaribu kukificha, mimi sikumwachia. Sista mkubwa akaja kumshika mkono wa pili.

Mjukuu akaenda nyuma ya kompyuta ya mezani, akapapasa, akachomoa kidude kidogo kama ukucha. "Hiki ndicho kilikuwa kinamsikiliza," akasema. Akakirudisha mahali pake, ili kila mtu aone kilikochomekwa.

"Nilitaka kitabu kirudi," Mzee Kalamu akasema. Kalamu zake nne zilikuwa zinatikisika mfukoni. "Nilitaka wakiogope hicho chombo wakitoe. Ni hilo tu."

"Na wale wanawake wawili?" daktari akauliza.

"Mimi nilibonyeza tu. Sikuwagusa." Akaanza kulia. "Niliposikia wa kwanza kafa, nilisema nimeacha. Lakini kila nikikishika hiki kipanya kinanivuta mkono. Nilikiokota stoo, kwenye boksi la vitu vibovu."

Mjukuu wangu alikichukua kile kipanya, akakigeuza, akafungua kifuniko cha tumboni. Kisha akauliza polepole:

"Mzee, betri umeitoa saa ngapi?"

Mzee Kalamu alimtazama kwa uso uliolowa machozi. Hakuwa anadanganya. Mimi nimewasikiliza waongo maisha yangu yote, yule hakuwa anadanganya.

"Betri gani?"

Alituonyesha. Mahali pa betri palikuwa na utando wa buibui, mzima, umetandwa kutoka ukuta hadi ukuta, haujakatika hata uzi mmoja. Na chini yake taa nyekundu ya kipanya ilikuwa inawaka.

Hakuna aliyesogea. Kipanya kilikuwa kimelala chali kiganjani mwa mjukuu wangu, vidole vyake viko mbali na kitufe.

Tk.

Mezani, dirisha lilibaki limeganda. Chini ya shuka yangu, mstari ulibaki njano.

"Bonyeza tu," mjukuu akakiambia, bila kupandisha sauti, na sista mkubwa bado amemshikilia karani. "Hapa hupiti."