Sauti Mbili Ndani ya Wingu

Asubuhi hiyo kibanda cha kreni kilinuka udongo mbichi. Dereva alikagua soli za viatu vyake, akazikuta safi. Sasa udongo unatafuta nini ghorofa ya mia na sitini, ambako hata kunguru hafiki?

Kilibaki kipande kimoja tu cha chuma, jengo liyapite yote duniani. Mchomeleaji mmoja aliacha kazi wiki iliyopita, akisema kule juu kuna wenyewe, majini. Wakamcheka. Leo wingu lilikuwa limefunika kilele, dereva haoni hata ndoano yake, lakini mkuu wa kazi alikwisha kuwaita wapiga picha. Kutaka sifa nako ni ugonjwa, jamani.

Macho ya dereva yalikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyesimama kileleni akimwelekeza kwa redio. Miaka sita alimtii bila kuuliza.

"Shusha taratibu, shemeji," redio ikasema.

"Usishushe. Niko chini yake." Sauti ile ile.

Dereva akabonyeza redio. "Nani anachezea redio?"

"Si mimi," zikajibu zote mbili kwa pamoja.

Upepo ukaanza kuuyumbisha mzigo.

"Shusha, shemeji, chuma kimenibana ukutani, kinanivunja mbavu."

"Usimsikilize, tafadhali. Kiko juu ya kichwa changu."

Harufu ya udongo ikazidi, na dereva, akimwona mawazoni mkewe amekaa msibani akimuuliza ndugu yangu umemfanya nini, akatafuta jambo ambalo jini hawezi kulijua, jambo la ndani kabisa, akalipata, akanong'ona: "Dada yako huniitaje tukiwa wawili?"

Sauti moja ikasita. "Ya chumbani kwenu mimi nitayajulia wapi, shemeji?"

Nyingine ikajibu papo hapo: "Kobe."

Ndivyo mkewe alivyomwita. Moyo ukamtulia, akashusha.

Mzigo ulipokwisha kutua ndipo akili ikamrudia. Mke gani humwambia mdogo wake wa kiume jambo kama lile? Akamwita shemeji yake, akaita tena, akaita mpaka sauti ikamkauka. Chini kabisa vipaza sauti vilikuwa vikitangaza rekodi, na watu wakipiga makofi.

Redio ikakoroma.

"Kazi nzuri, Kobe," ikasema, kwa sauti ya shemeji yake. "Twende nyumbani. Dada anatusubiri."