Chombo Kilichoandikwa Kimefika

Siku ya kwanza Huguette kumwona Guelord, nusura ampige kwa tableti ya kazi. Ilikuwa gatini Kalemie, asubuhi, wapagazi wakipishana na magunia, treni ikipiga honi nyuma yao, naye fundi huyu wa injini ya chombo cha ziwani, ovaroli imelowa mafuta, amekalia gunia lilelile ambalo Huguette alitaka kupiga picha namba yake.

"Papa, simama. Umekalia muzigo yangu."

"Yote hii ni yako? Basi wewe njo mutajiri nilikuwa natafuta."

Alijikaza asicheke, akacheka. Alikuwa amevaa kikwembe cha njano, na hata leo ukimwuliza Guelord atakueleza maua yake moja moja. Miezi minane baadaye barua ya posa ilikuwa imeshaandikwa, inangoja tu kupelekwa kwa wazazi.

Kazi ya Huguette ilikuwa kuingiza mizigo ya ziwani katika mfumo mpya uliounganisha meli na reli. Zamani unga wa kutoka Kigoma ulilala gatini wiki mbili ukisubiri behewa. Sasa chombo kikiandikwa kimefika, mabehewa yanatengwa papo hapo, wenye mizigo wanapata ujumbe, na unga unaondoka siku ileile kwenda Nyunzu. Ila waliotengeneza mfumo huo hawakulijua ziwa. Chombo kisipofika saa mbili asubuhi, mabehewa anapewa mwingine. Ndiyo maana mabaharia walikuwa wakiona tu milima ya Kalemie wanapiga simu, na karani anabonyeza "kimefika" mapema. Kila mtu gatini alifanya hivyo. Huguette pia alifanya.

Alhamisi moja ya Agosti, upepo wa kusini ukiwa umevuma tangu alfajiri, Guelord akampigia mpenzi wake simu kutoka ziwani.

"Sheri, tunaona milima. Andika."

"Ziwa iko namna gani?"

"Leo iko na kichwa nguvu. Andika tu, mawago ya treni isituponyoke. Na unipikie sombe, niko na njaa."

Nyuma ya sauti yake injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Huguette aliisikia vizuri kabisa. Akabonyeza.

Saa tatu hakuna chombo. Saa nne simu ya Guelord haipatikani. Hofu ilimshika, lakini wivu ukawahi kumpa jibu jepesi: mwezi uliopita Guelord alitia nanga Mtowa bila kumwambia, na watu wakamtaja Tina, muuza samaki wadogo wa ndagala. Saa sita Huguette akamtumia ujumbe wa sauti: "Kaa kwa Tina wako! Na ile barua umupelekee yeye!" Akazima simu, akakaa na hasira yake.

Saa saba na nusu mvuvi mmoja akatupa gunia la unga lililolowa miguuni pake. Alikuwa ameliokota likielea. Huguette akalipiga picha kwa mazoea tu. Tableti ikasoma namba, ikajibu: chombo cha Guelord, mzigo umefika.

Alikimbia mpaka ofisini kwa Papa Lambert, mkubwa wa bandari. "Sefu, motaboti itoke! Bato ya Guelord imepotea!"

Papa Lambert akatazama kioo cha kompyuta yake. "Mama, hapa imefika. Nitaomba mafuta ya kutafuta bato yenye imefika?"

"Haikufika. Mimi njo niliandika mbele ya wakati."

Mzee alivua miwani. "Ukifuta, jina yako njo itaonekana. Kazi yako itaisha leo."

"Iishe."

Akafuta. Tableti ikamwuliza sababu, naye akaandika: nilidanganya. Motaboti ikatoka.

Saa kumi ilirudi na watu wanne waliofunikwa mablanketi. Chomboni walikuwa watano. Guelord alishuka akitetemeka, midomo imepasuka, na Huguette akamkumbatia mbele ya watu wote, akilia kwa sauti.

"Injini ilikufa, bato ikapinduka," Guelord alisema. "Tulishikilia chini yake, yenye iligeuka juu. Huguette, sitaki kungoja tena. Barua iende leo."

"Fidèle iko wapi?" Fidèle alikuwa mpishi wao.

"Aliachilia."

"Saa ngapi?"

"Acha, sheri."

"Saa ngapi, Guelord?"

"Jua ilikuwa juu ya kichwa."

Saa ile Huguette alikuwa anamlaani Tina. Alimshika Guelord mkono, akamwambia anampenda, ataolewa naye, lakini leo barua isiende. Waende kwanza kwa Denise, mke wa Fidèle, Huguette amwambie kwa kinywa chake mwenyewe alichokiandika.

"Atatufukuza."

"Atufukuze."

Walipanda mtaani. Denise alikuwa uani, amevaa vizuri, sufuria iko motoni. Alikuwa na magunia mawili ya chumvi ndani ya chombo kile. Alipowaona akainua simu yake, akicheka.

"Karibuni! Nilipata mesaji asubuhi, bato imefika. Mumemuacha Fidèle wapi?"