Siku Tatu za Jambiani

Daktari wa mifugo Nunow Warsame alikutwa amelala kifudifudi mbele ya jokofu la chanjo, saa moja na nusu asubuhi, Jumatano ya tarehe 14 Agosti 1996. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Damu ilishaanza kukauka kwenye saruji.

Inspekta Abshiro Yarrow wa idara ya upelelezi, Garissa, alichuchumaa kando ya maiti, akakunja ncha ya mtandio wake isiguse damu. Wazee wa mji walimwita abaayo, yaani dada. Askari wake walimwita afande. Alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini, na bado wapo waliogeuka kutafuta mwanamume nyuma yake kila alipoingia mahali.

"Nani alimwona kwanza?"

"Mimi, afande." Naimo, mfagiaji wa ofisi, alikuwa ameketi kizingitini, ufagio mapajani. "Nimekuja kufagia. Daktari iko chini. Naita, hajibu."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Wazi. Yeye hutoka swala ya alfajiri, anakuja hapa moja kwa moja. Kila siku."

"Kuna kitu kimetoweka?"

Naimo alizungusha macho. "Sanduku ya barafu. Alirudi nayo kutoka Buna Jumamosi, ndani chupa ya chanjo. Aliniambia, Naimo, hii usiguse. Alhamisi nitaonyesha wazee."

"Awaonyeshe nini?"

"Hakusema."

Silaha ilikuwa palepale: chuma kizito cha kutia ng'ombe alama, kimerudishwa kwenye ndoano yake. Kilinuka spiriti. Muuaji alikuwa amekisafisha bila haraka, na hakuacha alama ya kidole popote. Lakini chini ya jokofu Abshiro aliokota kipande cha chupa iliyovunjika. Karatasi yake ilikuwa bado imeganda: Chanjo ya homa ya mapafu. Chini yake, muhuri wa duka la Gelle.

Gelle alikuwa muuzaji mkubwa wa dawa za mifugo katika mkoa mzima. Abshiro alikuta duka limefungwa kwa makufuli mawili.

"Gelle hayupo," alisema fundi cherehani wa jirani. "Yuko Unguja na mke wake mpya. Wiki ya pili hii. Wanazunguka kisiwa kwa gari, wanalala hoteli hii na hoteli ile. Fungate ya kitajiri, abaayo."

*

Gelle alirudi Jumatatu iliyofuata, akaja kituoni mwenyewe kabla hajaitwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole wa sauti, shati limepigwa pasi. Alitandaza mezani kadi za hoteli tatu na bahasha ya picha.

"Nimesikia mambo ya Daktari, na ya ile chupa. Allah amrehemu. Nikajua utauliza chupa ya duka langu ilifikaje pale."

"Ilifikaje?"

"Mimi nauzia kila mtu chanjo. Chupa zangu ziko kila boma."

"Tarehe 14 ulikuwa wapi?"

"Jambiani, pwani ya mashariki. Kabla ya hapo tulikuwa Nungwi, baadaye Kizimkazi. Tulienda polepole tu, tukisimama tunapopenda. Tazama picha."

Abshiro alizitazama moja moja. Nungwi: Gelle na Fosia, mkewe, juu ya boneti ya gari dogo jeupe. Gelle akila fenesi. Kizimkazi: Gelle na Fosia tena, wanacheka. Za Jambiani zilikuwa tano, na zote zilikuwa za Fosia peke yake.

"Hizi alipiga nani?"

"Mimi. Nani mwingine?"

Abshiro aliinua picha ya tatu, akaisogeza dirishani. Fosia alikuwa amesimama mchangani, jua likiwa nyuma ya mpiga picha. Kivuli cha mpiga picha kilianguka mpaka miguuni pa Fosia. Kilikuwa cha mtu aliyevaa buibui.

Aliirudisha mezani pamoja na nyingine. "Naomba nibaki nazo kwa muda."

"Baki nazo," alisema Gelle. "Mimi sina la kuficha."

Mkuu wa upelelezi hakufurahi. "Pasi yake ina muhuri wa kuingia Unguja na muhuri wa kutoka. Katikati hakuna kitu. Unataka nini zaidi?"

"Siku saba, bwana mkubwa. Na barua kwa polisi wa Unguja."

"Kwa sababu ya kivuli?"

"Kwa sababu amenidanganya kuhusu kivuli."

*

Polisi wa Unguja walimpa Abshiro msaidizi, Sajini Vuai, mtu mnene, mchangamfu, aliyezijua barabara zote za kisiwa. Walikodi gari kwa mwenye gari yuleyule aliyemkodisha Gelle, wakafuata njia yake.

Ilikuwa njia ya watu wenye raha. Gelle na mkewe walikuwa wamesimama kwenye mashamba ya viungo, wakanunua mdalasini. Walikuwa wamekaa saa nzima msituni Jozani wakitazama kima punju wakirukaruka. Abshiro alisimama kila mahali waliposimama, akauliza maswali mawili, akarudi garini.

"Inspekta, hata dafu hunywi?" aliuliza Vuai.

"Tukimaliza, Sajini."

Nungwi mpishi wa hoteli alimkumbuka Gelle mara moja. "Yule bwana asiyekula samaki! Kila siku nikimtafutia mbuzi. Nilimwambia, bwana wee, umekuja pwani kufanya nini?"

"Alionekana kila siku?"

"Kila siku, asubuhi mpaka jioni."

Jambiani hoteli ilikuwa nyumba sita za makuti, mali ya mama mmoja aliyeitwa Bi Mize. Alivaa buibui jeusi, na shikamoo ya Abshiro aliipokea kwa mikono miwili.

"Mama, hii bicha nani alipiga?"

Abshiro alisema "bicha," kama wasemavyo Wasomali wa kwao, na Bi Mize akatabasamu. "Mie, mwanangu. Yule bibi harusi aliniomba. Alikuwa mpweke, maskini."

"Mumewe alikuwa wapi?"

"Mumewe homa. Walifika Jumatatu jioni, na tangu hapo sikumtia machoni mpaka Alhamisi jioni. Mkewe akimpelekea chakula chumbani. Mchuzi wa pweza, samaki wa kupaka, sahani zikirudi nyeupe."

"Samaki?"

"Mgonjwa gani yule, nikajiuliza, na hamu ya kula vile!"

Abshiro alimtazama Vuai. "Na gari lao, mama? Lilikuwa hapa?"

Bi Mize aliwaza. "Hata. Alisema liko kwa fundi mjini."

Siku ile ile waliingia uwanja wa ndege. Vuai aliomba orodha za abiria wa Nairobi, Abshiro akapitisha kidole chini ya majina ya Jumanne asubuhi. Kidole kikasimama.

Abdimalik Gelle Hassan.

"Unamjua?" aliuliza Vuai.

"Nilimjua. Ni kaka yake Gelle; Gelle ni jina la baba yao. Walifanana kama pacha. Aligongwa na lori barabara ya Wajir mwaka juzi. Nilikuwepo akizikwa."

Jina hilohilo lilikuwemo tena kwenye ndege ya Alhamisi alasiri, likirudi Unguja. Gelle alikuwa ametumia pasi yake mwenyewe kuingia na kutoka kama mtalii, na pasi ya marehemu kwenda kuua.

Nje, Vuai alimpa dafu. Safari hii alilinywa lote.

*

Garissa, Abshiro hakuanza na Gelle. Alimwita Fosia, wakafunga mlango, wakaongea Kisomali kama wanawake wawili wa mji mmoja. Fosia alikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa mfugaji wa Buna.

"Ulikula samaki wa watu wawili siku tatu, abaayo."

Fosia aliinamisha kichwa. "Aliniapisha. Alisema ana ugonjwa wa aibu, anakwenda kwa daktari Nairobi, na watu wasijue. Ningemwaibisha mume wangu?"

"Alikuja Garissa. Asubuhi ya Jumatano Daktari Nunow aliuawa."

"Wallahi si kweli. Gelle hawezi. Unajua alichotufanyia? Ng'ombe wa aabo walikufa themanini kwa homa ya mapafu, wakabaki wanne. Tulikuwa tunakula majani. Gelle alikuja na lori la mahindi. Hakuomba kitu. Aabo mwenyewe ndiye aliyesema, mtu kama huyu nimpe nini kama si binti yangu?"

Abshiro aliweka kile kipande cha chupa mezani.

"Ng'ombe wa baba yako walikuwa wamechanjwa?"

"Ndiyo. Miezi miwili kabla."

"Kwa dawa ya nani?"

Fosia alisoma muhuri. Alisoma mara ya pili. Hakulia. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, kana kwamba meza ilikuwa inatikisika.

"Ilikuwa maji," alisema Abshiro. "Nairobi wamepima kilichobaki kwenye kigae hiki. Maji na chumvi. Ndicho Daktari alichotaka kuwaonyesha wazee."

"Andika," alisema Fosia. "Andika yote niliyosema."

Pasi ya Abdimalik ilipatikana mchana huo dukani, ndani ya gunia la chumvi ya ng'ombe.

*

Gelle alikana kwa nusu saa. Alikana ndege, akakana pasi. Abshiro alisoma maelezo ya Bi Mize, ya mpishi, ya uwanja wa ndege, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Kisha akasema:

"Fosia ameuona muhuri."

Mabega ya Gelle yalishuka.

"Umemwonyesha wewe?"

"Mimi."

"Ungeniua tu." Alijifuta uso. "Mwanzo nilinunua dawa halisi. Halafu mwaka ule jokofu langu liliharibika, chanjo yote ikaoza, na lori lilikuwa linasubiri kwenda Buna. Nikasema, ugonjwa haujafika kule, maji hayaui ng'ombe. Ugonjwa ukafika."

"Na lori la mahindi?"

"Sikulala. Nilikwenda kule nione nilichofanya. Nikamkuta Fosia anachota maji. Nilikusudia kumwambia mzee siku ile, wallahi. Lakini aliniita mwanawe."

"Daktari alijuaje?"

"Alianza kukusanya chupa. Akaja kwangu kama ndugu. Akasema, Gelle, nakupa wiki mbili, nenda mwenyewe kwa mkweo ukatubu. Usipokwenda, nitasema mimi mbele ya wazee. Alinipa wiki mbili, mimi nikazifanya fungate. Nilimkuta ameinama kwenye jokofu. Alisikia hatua, akasema, karibu. Hakugeuka hata kuona ni nani."

Konstebo aliyekuwa akiandika alisimamisha kalamu.

"Endelea kuandika," alisema Abshiro.

*

Jumamosi Abshiro alimpeleka Fosia Buna kwa Land Rover ya polisi. Hakuna aliyemwagiza. Fosia alikuwa ameuliza tu, "Nani atamwambia aabo?" kisha akajijibu mwenyewe.

Mzee Guleid alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, fimbo mabegani, akitazama ng'ombe wake wanne. Kisha akamgeukia Abshiro.

"Huyu daktari ameacha watoto?"

"Watatu, aabo. Mdogo ananyonya."

Mzee aliingia zizini. Alipita ng'ombe wa kwanza, akapita wa pili. Akamfunga kamba mtamba mwekundu, mwenye mimba, aliye bora kuliko wote, akamleta mpaka kwenye gari.

"Tafuteni lori lije limchukue," alisema. "Akizaa, watoto wale wapate maziwa."