Mbona na Mpira wa Maji

Kila jioni Fundi aliporudi kazini aliweka mwiko na pimamaji nyuma ya mlango, akanawa saruji mikononi, kisha akaketi kusubiri maswali. Maswali hayakuchelewa. Binti yake wa miaka mitano alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote. Mbona saruji mbichi ni laini na ikikauka ni ngumu? Mbona kivuli chako asubuhi ni kirefu kuliko wewe? Mbona kuku hana masikio? Mtaa mzima ulimwita Mbona, na jina lake la cheti likabaki kwenye cheti.

Fundi alikuwa mwashi wa kutajwa. Kuta zake zilisimama wima, na wenzake walikuja kuzikagua kwa wivu. Lakini shule aliiachia darasa la tano akaenda kubeba matofali. Mpaka leo barua aliisoma polepole, kidole chini ya mstari. Ndiyo maana aliapa kwamba binti yake atasoma mpaka vitabu viishe.

Basi siku moja, muhula wa pili wa chekechea, akafungua daftari la Mbona. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na samaki, au pengine kiatu. Wa pili ulikuwa na duara saba. Wa tatu haukuwa na kitu. Jirani yao fundi viatu alikuwa na mtoto wa rika hilohilo katika shule nyingine, na daftari lake lilijaa herufi na vema za kalamu nyekundu. Mtoto yule alihesabu moja hadi mia bila kupumua, na baba yake alihakikisha mtaa wote unasikia.

"Leo mmejifunza nini?" Fundi akamuuliza binti yake.

"Tumecheza na maji."

"Na jana?"

"Mchanga."

Maji na mchanga! Kilichobaki ni saruji tu, mtoto awe kibarua. Fundi akaamua mambo mawili usiku uleule. Muhula ukiisha, angemhamishia Mbona shule ya mtoto wa jirani. Na kuanzia kesho yake, angemfundisha mwenyewe nyumbani.

Kila jioni Mbona akawa anaandika "a" ukurasa mzima. Akiinua kichwa aseme, "Baba, mbona..." Fundi alimkatiza. Andika kwanza, maswali baadaye. Hiyo baadaye haikufika. Baada ya wiki tatu daftari lilikuwa limejaa. "a" za mwanzo wa ukurasa zilisimama, za mwisho zililala hoi. Fundi akalipeleka kwa fundi viatu kulionyesha, akarudi amevimba kichwa.

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Hakusifu.

"Baba Mbona, unasikia nini humu ndani?"

Fundi akatega sikio. "Sisikii kitu."

"Ndicho ninachokuambia. Mtoto ana siku nne hajauliza neno."

Fundi akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Ni kweli, nyumba ilikuwa kimya. Na asubuhi ile Mbona alisema tumbo linamuuma mara tu alipoliona daftari. Mkewe akamkumbusha kwamba mwalimu aliwaalika wazazi wakae darasani asubuhi yoyote. Kabla hajamhamisha mtoto, aende akaone kwa macho yake.

"Usikatae wito," akasema. "Kataa neno."

Kesho yake Fundi akaomba ruhusa kazini akaenda. Alipewa kiti kidogo ambacho kilimfikisha magoti kidevuni. Kwenye kona moja watoto walikuwa wamelaza wanasesere kwenye vitanda vya maboksi, wanawatibu. Wengine walipanga vifuniko vya chupa kwa rangi. Katikati palikuwa na beseni la maji juu ya mkeka. Mwalimu, mama wa makamo mwenye mikono ya gauni iliyokunjwa, alizunguka kundi hadi kundi, akiinama na kuuliza.

Fundi alisubiri somo nusu saa nzima. Mwishowe akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Samahani, Mwalimu. Masomo yanaanza saa ngapi?"

"Yalianza saa mbili, mzazi," akajibu mwalimu, bila kumcheka. "Sogea hapa penye beseni."

Mbona na mvulana mmoja mwenye pengo walikuwa wameshika mpira wa maji unaoonekana ndani, kila mmoja ncha yake. Fundi aliujua mpira ule. Ulikuwa kipande kutoka kazini kwake. Mbona alikuwa amemwomba mwezi uliopita, naye akampa akijua utatupwa. Mwalimu alikuwa ametia rangi nyekundu kwenye maji. Mbona akainua ncha yake, na maji yakatoka upande wa pili yakamlowesha mwenye pengo tumbo zima. Wakacheka wote.

Mwalimu hakugomba. Aliwauliza maji yamekimbilia wapi, na wafanyeje yasimwagike. Hapo ukaanza ubishi. Walishusha, wakainua, wakaongeza maji. Kisha wakasimamisha ncha zote mbili ukutani na kuchora alama ya chaki pale maji yalipoishia kila upande. Mbona akapanda juu ya kigoda na mpira wake. Akatazama muda mrefu.

"Angalia," akamwambia mwenzake. "Nikiinua mpira, maji yangu hayapandi. Yanayasubiri yako."

Fundi akasogeza uso karibu na alama za chaki. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitumia mpira kama ule kusawazisha misingi, kona hadi kona. Alipokuwa mwanagenzi alimuuliza bwana wake kwa nini maji hulingana pande zote. Bwana yule alimrushia donge la udongo na kumwambia kazi ya mikono haina mbona. Hakuuliza tena. Na huyu wake wa miaka mitano alikuwa amelikaribia jibu kwa kumlowesha mwenzake!

"Kwa hiyo hapa hawapotezi muda," akasema polepole.

"Hawapotezi," akasema mwalimu. "Mtoto wa umri huu hujifunza kwa kushika na kujaribu. Akikamua sponji, vidole vinapata nguvu ya kushika kalamu. Akimimina vikombe, anahesabu. Akibishana, anajifunza kueleza. Kazi yangu ni kuchagua vifaa, kuuliza na kusimamia. Penye maji siwaachi peke yao hata dakika moja."

"Na herufi, Mwalimu?"

Mwalimu akampeleka kwa wagonjwa. Kila mwanasesere alikuwa na kikaratasi chenye jina. Kimoja kilikuwa na herufi nne zilizoyumba. Kiliandikwa na Mbona, akasema mwalimu, na hakuna aliyemwagiza. Fundi akaweka kidole chini yake akasoma: BABA.

"Huyu anaumwa nini?" akamuuliza binti yake, aliyekuwa amemfuata.

"Hajibu maswali," akasema Mbona.

Fundi akakisoma kikaratasi tena. Aliona haya, na palepale akaona fahari, vyote kwa mpigo. Kisha akamuuliza mwalimu afanye nini nyumbani. Mwalimu akamwambia aache kumjazisha kurasa; mtoto ataandika akiwa na jambo la kusema. Ampe vitu salama vya kuchezea, visivyomezeka. Na akiulizwa asichokijua, asione aibu kusema hajui. Amuulize mtoto yeye anadhani nini, kisha wajaribu pamoja. Asiyeuliza, hanalo ajifunzalo.

Mbona hakuhamishwa. Jumamosi mbili zilizofuata Fundi alikuja shuleni na matofali, akalijengea darasa hodhi fupi la kuchezea maji, lenye kimo cha mtoto. Wazazi walikuja kutazama, fundi viatu na mtoto wake wakiwemo. Mbona na mwenye pengo walishika mpira, kila mmoja kwenye kona yake ya ukuta.

"Baba, upande huu umezidi," Mbona akasema. "Huku maji yako chini ya tofali. Kule yamelingana nalo."

Fundi alitaka kusema haiwezekani. Hakuna aliyewahi kumkosoa ukuta mbele za watu. Akainama, akaangalia. Ulikuwa umezidi nusu ya kidole. Akachukua mwiko, akayatoa matofali matatu.

"Unabomoa kwa sababu mtoto kasema?" akauliza fundi viatu.

"Nabomoa kwa sababu maji yamesema," akajibu Fundi, kwa sauti ambayo mtaa mzima ungeisikia. "Binti yangu ndiye aliyeyauliza."

Jioni ile akaweka mwiko nyuma ya mlango, akanawa, akaketi kusubiri. Mbona akaja akasimama katikati ya magoti yake.

"Baba, mbona maji yanataka kulingana?"

Lilikuwa swali lake mwenyewe, lililokaa miaka kumi na tisa bila jibu.

"Sijui, mwanangu," akasema Fundi. "Lete beseni."