Sahani ya Tatu

Diski ya Mwantum ya kuhifadhia video ilikuwa imechomolewa waya tangu asubuhi, imelala mezani kimya kama kipande cha sabuni. Lakini ilikuwa ya moto, na ilikuwa inagonga. Kidogo tu: ti, ti, ti, kama mtu anayegusa kikombe kwa pete. Mwantum akainama, akanusa. Udi.

"Hajira," akasema.

Harufu hiyo aliijua. Shamte, mume wake, alikuwa anarudi nayo kwenye kola kila akitoka Mkiwa. Shamte aliuza alizeti hapa Singida mjini, na wake zake walikuwa wawili. Mwantum ndiye mkubwa, mwenye studio ya video za harusi nyuma ya nyumba. Hajira ndiye mdogo, amefunguliwa duka kule njiapanda ya Mkiwa, anawawekea madereva nyimbo na filamu. Na Shamte, msimwone hivi, alisifika kwa kugawa. Akinunua kitenge, pea mbili. Akinunua kuku, jogoo kwa jogoo. Siku mbili huku, siku mbili kule. Wake zake walipolia kwamba kompyuta zimejaa, akanunua diski za nje mbili, boksi moja, rangi moja, namba moja mgongoni, herufi kwa herufi.

Sawa kwa sawa, ungesema. Kumbe wapi! Ya Hajira ilimeza harusi nzima kabla chai haijapoa. Ya Mwantum, ukiipa harusi hiyo hiyo, unainjika maharage, yanaiva, unakula, unaosha na sufuria, yenyewe bado inakoroma. Na midomo ya wanawake wa mjini haina kufuli. Mwantum akipita kisimani, kimya kinaingia. Akishapita, kicheko.

"Namba ni ile ile, mke wangu," Shamte aliapa. "Nilisoma kwa macho yangu."

"Macho yako tunayajua yanakotazama."

Basi Hajira alipokuja mjini kwenye harusi ya binamu yake, akaacha mkoba chumbani kwa mke mwenziwe, Mwantum aliingiza mkono. Adhuhuri haijaadhiniwa, yuko mbele ya Noel, fundi wa kompyuta, na diski mbili kaziweka mezani.

"Nataka kuona matumbo yake."

"Nikizifungua hazifungiki tena, mama. Vumbi likiingia, kwisha. Na humu mna harusi za watu."

"Watazaa bila video. Fungua."

Noel akatikisa kichwa, akashika bisibisi. Ndani ya diski ya Mwantum mlikuwa na sahani moja, inang'aa kushinda kioo. Ndani ya ile ya Hajira, sahani mbili, moja juu ya mwenzake.

"Unaona!" Mwantum akapiga kofi. "Mwenzangu kapakuliwa mbili!"

"Siyo hivyo, mama. Zinabeba sawa. Kiwanda kinabadilisha vya ndani, jina kinaliacha lile lile. Hii yako vitu vyote wamevibana kwenye sahani moja, mistari imelaliana kama vigae vya paa. Ukitaka kugusa kimoja, sharti uwainue na majirani. Ndiyo maana inakoroma. Mzee wako hakujua. Hata aliyemuuzia hakujua, kwenye boksi hakikuandikwa kitu."

Msamaha ulikuwa hapo, umepakuliwa, unafuka moshi. Mwantum angenawa akala. Lakini mwanamke mwenye wivu hashibishwi na maelezo ya fundi. Alizing'oa zile sahani, akazifunga kwenye pindo la khanga, akarudi studio akajifungia. Jua lilikuwa utosini, saa ambayo hata mbuzi wa Singida wanajua kukaa kivulini. Akazipanga mezani zote tatu, na kwa hasira akatamka neno ambalo mke wa mtu halitamki ndani ya chumba kitupu:

"Kama kuna mke wa Shamte aliyepewa zaidi yangu, ajitokeze nimwone!"

Ti. Ti. Ti.

Hakukuwa na diski tena, jamani, kulikuwa na sahani tupu, na bado kitu kiligonga. Udi ukapanda, si udi wa chetezo bali udi mbichi uliochanganyika na harufu ya udongo wa shimoni, na Mwantum alipoinama kwenye sahani ya kwanza akaona uso wake, na kwenye ya pili akaona uso wake, na kwenye ya tatu, ambayo ilikuwa katikati ya zile mbili wala hakukuwa na sababu ionyeshe kingine, akaona uso usiokuwa wake, umeegemeza kidevu begani kwake taratibu kama shoga anayetaka kunong'ona umbea, msichana, shingo ndefu, macho hayapepesi, na mzuri, mzuri kuliko Hajira, na hata katika hofu ile, hapo ndipo palipomuuma.

"Zaidi?" sauti ikasema sikioni, baridi. "Mimi hata changu sijapewa. Amenioa shimoni Sekenke, alipokuwa akichimba dhahabu, kabla hajakujua wewe. Nimenyamaza, nimenyamaza. Leo umeniita mwenyewe. Sahani tatu, wake watatu. Anigawie, au naondoka naye mzima."

Mwantum hakukumbuka alivyofungua mlango. Alimkuta Hajira uani, akamshika mikono yote miwili.

"Mdogo wangu, niambie kweli. Udi ule ni wako?"

"Dada!" Hajira akashusha sauti. "Mimi udi unanibana kifua. Anakuja nao Mkiwa. Nilidhani ni wako, unanitumia salamu."

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu waolewe kwa mume mmoja, hakuna aliyetupa kijembe.

Jioni hiyo Shamte alishikwa na homa, akawa anajibu watu wasiokuwepo. Miguu yake ilikuwa imejaa udongo mwekundu, na kitandani hakuwa ametoka. Wakamwita Mzee Mughwai, mganga, naye akaja na kapu lake.

"Shikamoo mzee," wake wote wawili wakapiga magoti.

"Marahaba. Nani aliyemwita huyu mwenye udi?"

Mwantum akatazama chini. "Mimi."

Mzee akafukiza, akaongea na kona ya chumba muda mrefu, akisikiliza kuliko kusema. Halafu akajifuta jasho.

"Jini huyu hafukuziki. Ana ndoa kabla yenu. Alikuwa anasubiri aulizwe tu. Kesho alfajiri anamchukua, la sivyo agawiwe zamu. Na ruhusa haitoki kwa mume. Inatoka kwa mke mkubwa aliyemwita, kwa kinywa chake."

Shamte alikuwa anahema kama kuku aliyechinjwa. Hajira analia. Mwantum, ambaye nusu ya mume ilimkosesha usingizi miaka yote ile, akageukia kona ile.

"Agawiwe," akasema. "Sawa na sisi."

Homa ikashuka palepale kama maji yaliyomwagwa.

Sasa Shamte ana siku mbili kwa Mwantum, mbili Mkiwa, na mbili za studio. Magharibi ikiingia anaoga, anavaa kanzu nyeupe, anaingia mle peke yake na kufunga mlango. Zamu ya kwanza ilipofika, wake wawili walikaa mkekani nje ya mlango, wakibambua karanga wasizozila. Udi ukapita chini ya mlango. Halafu wakamsikia anacheka.

"Dada, twende ndani," Hajira akanong'ona. "Tusisikilize."

"Tangulia."

Hajira akakimbia. Mwantum akaziweka karanga chini, akajongea kwa magoti, akabandika sikio kwenye mbao, pumzi kaizuia. Shamte alicheka tena, kicheko kirefu cha kijana, kicheko ambacho kwa Mwantum hajawahi kukicheka hata siku ya harusi yao. Na Mwantum akazidi kulibana sikio, anataka kujua huyo mwenziwe amemwambia nini.