Feni ya Kuvuta Moshi

Rafiki yangu Yaqoob, fundi wa Nizwa, Oman, si mwongo. Ndiyo maana naogopa. Usiku mmoja wa baridi aliitwa kwenye nyumba moja huko mlimani Jabal Akhdar: hita ya gesi haiwaki, feni ya kuvuta moshi imekwama, na chumbani mna mzazi na kichanga kilichoanza kupoa mwili.

“Fanya hima, mwanangu, tutampoteza!” bibi yake mtoto akalia.

Yaqoob alizima umeme wa nyumba nzima, akakata nyaya, akaing'oa feni gizani na kuipakata. Akaomba chetezo cha ubani, akakisogeza penye bomba la kutolea moshi aone kama limeziba au moshi unavutwa. Ukavutwa wote.

Ndani ya bomba mtu akapiga chafya, akasema polepole, “Alhamdulillah.”

“Yarhamukallah,” Yaqoob akajibu kwa mazoea.

Feni ikaanza kuzunguka mapajani mwake.